Je, Yafaa Kuuza Hiari?

Ndugu zetu Waislamu, swali hili latujia tangu soko la hisa la Nairobi lilipofungua biashara ya mikataba ya baadaye mwaka 2019. Mwenye hisa zake, je, yafaa apokee fedha ili mwenziwe awe na hiari ya kuzinunua kwa bei waliyopatana, mpaka siku maalumu, na fedha zile zisirudi wala zisihesabiwe katika bei?

Tupige mfano wa Wote, Makueni, penye maembe mengi. Mnunuzi ampa mwenye miembe shilingi 5,000, wapatane embe shilingi 15 kwa siku saba. Bei ikipanda, mnunuzi huchukua. Ikishuka, huenda zake. Kwa mwenye shamba, faida ya kupanda imempita, na hasara ya kushuka imembakia.

Watetezi husema: huyu hauzi asichokuwa nacho. Ni kweli, na kosa hilo ameepukana nalo. Lakini yatupasa tuulize, zile 5,000 ni thamani ya kitu gani?

Zingekuwa sehemu ya bei, zingekuwa arabuni. Hata hiyo, Imamu wetu Shafi aliikataza, pamoja na Malik na Abu Hanifa. Imamu Ahmad aliijuzisha, kwa habari ya nyumba ya Safwan bin Umayya iliyonunuliwa Makka kwa ajili ya Sayyidna Omar. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliikubali mwaka 1993, kwa sharti la muda maalumu. Lakini baraza hilohilo, mwaka 1992 huko Jeddah, lilikataza biashara ya hiari katika masoko ya fedha, kwa kuwa hiari si mali, wala si manufaa, wala si haki ya kifedha iwezayo kubadilishwa. Basi tukiishika rukhsa ya Imamu Ahmad, tuishike na mipaka yake.

Atasema mtu: mwenye mali amejifunga, na kifungo kina uzito. Hatukatai. Lakini mdhamini naye hujifunga, na wanavyuoni wengi wamekataza ujira wa dhamana. Si kila uzito una bei. Atoaye arabuni huyataka maembe; anunuaye hiari aweza asiyatake abadani, atazamapo bei tu.

Mwenye hisa na angoje gawio lake, au aziuze waziwazi. Pato dogo lenye utulivu ni bora kuliko kubwa lenye shaka. Wallahu aalam.