Jibu Sahihi, Njia Yenye Makosa

Moto ukiwaka katikati ya chumba, joto lake halichagui upande. Mionzi huenda juu, kando na katika kila pembe iliyo katikati, bila kuruka hata nafasi moja. Kompyuta haina uwezo wa kufuata mielekeo isiyo na idadi. Anayeiga moto huo huchagua mielekeo michache, kila mmoja ukabebeshwa joto la majirani zake. Hapo wahandisi hujikuta mbele ya swali la kale la wanafalsafa: aliyepata jibu sahihi kwa njia yenye makosa, je, anajua au amebahatisha?

Ukataji huu wa pembe haukuanza na kompyuta. Mwaka 1905 Arthur Schuster, akichunguza mwanga unavyopenya ukungu, aliridhika na mielekeo miwili tu: kwenda na kurudi. Subrahmanyan Chandrasekhar, mzaliwa wa Lahore aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1983, aliongeza idadi hiyo alipokuwa akisoma angahewa za nyota, na kitabu chake cha 1950 kikawa msingi wa fani nzima. Wataalamu wa Los Alamos, Marekani, waliipeleka mbinu hiyo kwenye nyutroni. Baadaye ikaingia kwenye hesabu za matanuri na majengo yanayoungua.

Tuchukue mpango mmoja maarufu, wenye mielekeo 24. Moto mdogo ukiwa sakafuni, 12 kati ya hiyo ndiyo inayopanda. Minne imeinama takriban nyuzi 25 kutoka wima, minane takriban nyuzi 73. Hakuna hata mmoja unaokwenda juu moja kwa moja! Dari likiwa mita 3 juu ya moto, mwale ulio karibu zaidi unaligonga karibu mita 1.4 kando ya sehemu iliyo juu kabisa ya ndimi. Kwa hesabu hiyo, mahali ambapo mtu yeyote angetarajia joto kali kuliko pote hapapati mwale wa moja kwa moja.

Mtafiti K. D. Lathrop aliichambua kasoro hii mwaka 1968. Mbona basi matokeo ya kompyuta mara nyingi huonekana laini, yasiyo na mistari ya joto yenye mapengo katikati?

Kwa sababu kuna kosa la pili. Nafasi ya chumba nayo hukatwa katika visanduku, na mwale unaovuka visanduku kimshazari hutawanyika kidogo kila hatua, ingawa hewa yenyewe haikuutawanya. Mtawanyiko huo bandia huziba mapengo ya mielekeo. Mwaka 1993 watafiti Chai, Lee na Patankar walizichambua kasoro hizo mbili na kuzitofautisha. Kufutana kwa kasoro hizo kunaleta jambo la kushangaza: anayepunguza ukubwa wa visanduku bila kuongeza mielekeo, akidhani anaukaribia ukweli, huenda akaona mistari ikijitokeza na jibu likiharibika.

Hapa swali la wanafalsafa linarudi. Katika mazungumzo ya Meno, Plato anamleta mtu anayeijua njia ya Larissa kwa dhana tu, bila kuwahi kuipita. Anaongoza wasafiri sawasawa na aliyeipita. Socrates anakubali kwamba dhana sahihi ina faida, ila haitulii mpaka ifungwe kwa sababu yake.

Mtu wa vitendo atauliza: namba ya kompyuta ikilingana na kipimo, shida iko wapi? Shida inakuja mlango wa chumba ukisogezwa na joto linaloufikia likahitaji kukokotolewa upya. Wataalamu wa usalama huchukua mionzi ya joto ya kilowati 2.5 kwa mita ya mraba kuwa kiwango ambacho ngozi isiyofunikwa haikistahimili kwa muda mrefu. Makosa mawili yaliyofutana kwenye mlango wa kwanza hayana ahadi ya kufutana kwenye wa pili, na njia ya kutorokea huchorwa kwa kutegemea namba iliyokokotolewa hapo.

Kwa hiyo ripoti ya uigaji wa moto isiyoonyesha jibu lilivyobadilika mielekeo ilipoongezwa na visanduku vilipopunguzwa ukubwa kwa pamoja irudishwe kwa mwandishi wake, hata kama namba yake ni sahihi.