Glasi ya Maji ya Barafu



Januari 1986, usiku wa kuamkia safari ya chombo cha anga Challenger, wahandisi wa Marekani walionya: baridi itaikakamaza mipira inayoziba viungo vya roketi. Walikuwa na chati. Walikuwa na hesabu. Wakubwa hawakushawishika. Chombo kikasambaratika angani, watu saba wakafa.

Wiki chache baadaye, mbele ya tume ya uchunguzi, mwanafizikia Richard Feynman alichukua glasi ya maji ya barafu. Akakibana kipande cha mpira ule kwa kibanio, akakitumbukiza. Alipokilegeza, hakikurudi upesi katika umbo lake. Hapakuhitajika chati.

Lawama si za wahandisi. Wakubwa nao walikuwa na masikio. Lakini wewe fundi, leo bosi akiuliza kwa nini mashine isiwashwe, utamwonyesha nini?