Nyumba za Wachimba Shaba

Sisi wa Sanje tumezoea kupokea kutoka mlimani. Maji ya Udzungwa hushuka usiku na mchana, nasi twateka bila kuuliza. Leo natazama mlima mwingine, Rwenzori wa Uganda, ambako watu walipokea shaba.

Reli ilifika Kasese mwaka 1956 ili kuichukua shaba ya mgodi wa Kilembe, nayo ikayeyushwa Jinja. Wachimbaji walijengewa nyumba bondeni, kando ya mto Nyamwamba. Humo waliishi na kulea watoto. Kufikia mwaka 1982 uchimbaji ulikuwa umekoma. Shaba ilikuwa imekwenda, lakini nyumba zilibaki na watu ndani yake. Yalibaki pia marundo ya mawe yaliyosagwa, yenye mabaki ya shaba na kobalti.

Mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020, Nyamwamba ulifurika, ukabomoa nyumba na kuharibu hospitali ya Kilembe. Mvua haikuletwa na mgodi. Lakini mto huo huyamega marundo yale na kuyapeleka chini, wanakolima na kuteka maji watu wengine.

Basi deni hili ni la nani? Mchimbaji atasema, "Nilipata mshahara wangu tu." Mnunuzi atasema, "Nililipa bei niliyotajiwa." Wote wawili wasema kweli. Hata hivyo, mama anayeteka maji mtoni leo hakupata hata senti moja ya shaba ile. Naona kosa lilikuwa katika bei yenyewe: gharama ya kusafisha haikuhesabiwa, ikaachiwa watoto ambao hawajazaliwa.

Turudi kwetu. Udzungwa ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992, na mwaka 2011 hata kuokota kuni humo kulikatazwa. Wako wanaonung'unika, nao wana haki ya kusikilizwa, maana anayekosa kuni hulipia msitu ambao faida yake huwafikia hata walio mbali. Ni haki hao nao wachangie. Lakini nasi tusiseme, "Nachukua kidogo tu, hakuna atakayeumia." Hata Kilembe kila mmoja alichukua fungu lake tu.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Tusipolipa sisi tuliochukua, atalipa mwingine ambaye hakuulizwa.