Kilichokosekana Februari 2016

Februari 2016 ilipita Unguja bila tamasha la Sauti za Busara. Lilikuwa limefanyika kila mwaka tangu 2004, lakini safari hiyo waandaaji wake, asasi ya Busara Promotions, walitangaza mapema kwamba fedha hazikutimia. Likarudi 2017, na wengi wamekwisha sahau. Mimi pengo lile la mwaka mmoja bado linanishughulisha, kwa sababu linajibu swali ambalo watu wanaofanya kazi katika asasi za kukuza sanaa huulizwa hata na mama zao: wewe mwanangu, hasa unafanya kazi gani?

Tazama kilichokuwapo mwaka ule. Ngome Kongwe ilikuwa palepale Forodhani, na kuta zilezile walizojenga Waomani baada ya kuwafukuza Wareno. Wapiga ngoma walikuwapo. Wapiga udi, waimbaji wa taarabu, bendi za Dar es Salaam na za Afrika Magharibi, wote walikuwa hai na sauti zao. Wasikilizaji nao wasingekosekana. Sanaa haikupungua hata chembe, na bado tamasha halikuwapo. Utasema kilichokosekana ni fedha. Kweli, lakini fedha hazijileti zenyewe, na zikija hazijigeuzi jukwaa. Katikati yake na wimbo kuna watu ambao hakuna anayekata tiketi kwenda kuwatazama: anayeandika maombi ya ufadhili, anayefuatilia viza ya mpiga kora, anayebishana na shirika la ndege juu ya ngoma iliyozidi uzito, anayejua nani atawasha jenereta umeme ukikatika wimbo ukiwa umenoga.

Mcheza kwao hutunzwa, husema Waswahili. Methali inawatazama mchezaji na mtunzaji. Hiyo "kwao" inachukuliwa kuwa ipo tu, kama ardhi. Kwa muda mrefu haikuwa vibaya kuichukulia hivyo. Bi Kidude aliimba miongo mingi kabla ya asasi yoyote kumpandisha jukwaani, kwa sababu harusi zilikuwapo na unyago ulikuwapo. Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, kilikuwa cha wanachama: waliopiga ala ndio haohao waliokutana na kuamua mambo yao. Hakukuwa na mtu mmoja wa kupiga fidla na mwingine wa kuandika ripoti ya fidla. Lakini hata zama hizo mambo yalikuwa yakianza kugawanyika. Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, nyuma ya safari ile kulikuwa na kampuni ya santuri na hesabu zake. Sauti ilikuwa yake. Meli ilipangwa na wengine.

Leo kijana anayejifunza ala ya zamani mjini hana uhakika kwao ni wapi. Harusi zina spika na kompyuta. Jirani anataka kulala. Kwa hiyo kwao imekuwa kitu cha kutengenezwa, na watengenezaji wake ndio hao ninaowasema.

Mfano ninaoupenda ni Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002, ambako hufundishwa taarabu, kidumbaki na ngoma. Fikiria ganuni tu. Ina nyuzi zaidi ya 70, na sauti nyingi zinachukua nyuzi tatu tatu. Anayeilinganisha huiinamia na ufunguo mdogo mkononi, anakaza uzi, anaugusa, anasikiliza, anakaza tena kidogo. Zote tatu zikikubaliana ndipo anahamia safu ya pili. Unyevu wa pwani haumhurumii, na kazi ya leo kesho huenda ikarudiwa. Mwanafunzi akifika anakuta ala imelingana, anaketi, anapiga. Hana habari na nusu saa iliyotangulia, wala hapaswi kuwa nayo. Na nyuma ya aliyeilinganisha yuko mwingine aliyehakikisha nyuzi za akiba zimeagizwa, maana ukikatika uzi wa ganuni huendi kuutafuta sokoni Darajani. Mwaka 2019 chuo hicho kilisema hadharani kwamba kiko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha. Ganuni zisingekufa siku hiyo. Zingelegea.

Nisije nikawapaka watu hawa mafuta kwa mgongo wa chupa. Wasanii wana manung'uniko yao na si ya bure: mwenye kompyuta ana mshahara, mwenye ngoma ana posho. Na mfadhili ana lugha yake. Anataka sanaa iwezeshe, ijenge uelewa, ilete mabadiliko katika jamii. Ngoma inayochezwa kwa sababu ni tamu tu haina pa kuandikwa kwenye fomu. Ofisa wa miradi anapomwendea mzee wa zumari na kumuuliza matokeo anayoyatarajia, mzee humtazama kwa huruma. Matokeo? Watu watacheza. Hapo ofisa ana njia mbili: kumfundisha mzee kusema maneno ya fomu, au kurudi ofisini na kupigana na fomu mpaka ikubali neno la mzee. Wengi hufuata ya kwanza, kwa kuwa ni nyepesi na tarehe ya mwisho imekaribia.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo maana ya kazi hii inapopatikana au kupotea. Hudhaniwa kwamba karani wa sanaa anaota moto wa msanii, kwamba maana ya kazi yake ni ya kuazima. Sioni hivyo. Kuamua kwamba jambo usiloweza kulifanya wewe linastahili kufanyika, kisha kulitumikia miaka na miaka bila kuligeuza lako, ni tendo lenye uzito wake lenyewe, na ni gumu, kwa sababu kila siku unashika fedha, majina na funguo za mlango. Mwenye funguo akijisahau kidogo tu, hujiona yeye ndiye nyumba.

Kila Februari ya tamasha, vyumba vya Mji Mkongwe hujaa, na madereva, wauza urojo na wenye boti hupata riziki. Mzigo mkubwa wa gharama kwa miaka mingi umebebwa na balozi na wafadhili wa nje. Basi nawaomba wenye hoteli na wenye boti: kwenye bajeti ya mwakani tengeni fungu la tamasha na la chuo cha muziki, na msiweke sharti kwamba fungu hilo lisilipe mishahara. Mishahara ndiyo inayohitajika hasa.