Figo la Nguruwe

Ndugu zangu, Machi 2024, mjini Boston, Marekani, matabibu walimtia mgonjwa figo la nguruwe aliyegeuzwa maumbile. Akaishi kadiri ya miezi miwili. Nikaulizwa: Muislamu aliyekufa mafigo aweza kulikubali?

Nguruwe kwetu ni najisi, hapana shaka. Lakini Imamu Nawawi, katika Minhaji, amempa udhuru aliyeunga mfupa wake kwa najisi kwa kukosa kilicho twahara. Basi neno lote li katika huko kukosa. Mashine ya kusafisha damu ipo, japo yachosha mno. Na mji uo huo, mwaka 1954, pacha alimpa nduguye figo lake moja, naye akabaki mzima. Atakaye jawabu langu na aniambie kwanza nduguze wangapi wamekwisha kuulizwa.