Mas-ala ya Mwenyeji na Mgeni Mwenye Sukari

Ama baad. Nilipowazuru jamaa zangu walioko Shively, mji mdogo uliomo katika Louisville, jimbo la Kentucky, mwenyeji wangu aliniuliza mas-ala. Alisema: "Ami, mgeni wangu ana maradhi ya sukari. Alikataa halua mara mbili, nami nikamshikilia mpaka akala kwa kuona haya. Alfajiri akachukuliwa hospitali. Je, nimepata dhambi?" Sikuweza kumjibu upesi, kwani halua ile niliichukua mimi mwenyewe kutoka Maskat.

Lau mas-ala haya yangeletwa mbele yangu siku nilipokuwa nikihukumu, yasingenichukua muda. Pakikutana mtendaji na msababishaji, asili ni kwamba hukumu humwangukia mtendaji. Mgeni ni mtu baleghe, mwenye akili zake, na mkono uliotia kinywani ni wake. Tena ilikuja kudhihirika kuwa alikuwa ameziacha dawa zake siku kadhaa. Basi mwenyeji hana dhamana. Lakini mahkama huhukumu yaliyo dhahiri, na mtu huweza kutoka humo ameachiwa hali ya kuwa nafsi yake haijamwachia. Je, mgeni yule alikuwa na hiari kweli? Kwetu sisi watu wa Oman na Unguja, kukataa sahani ya mwenye nyumba ni kama kumvunjia heshima, nasi twalijua hilo kila tunaposema "ongeza". Huko ni kuitumia haya ya mtu dhidi ya mwili wake.

Ama mgeni, nilipomtembelea alinambia: "Mwili ni wangu, na madhara ni yangu." Mwili ni amana, na hilo analijua. Lakini hata kwa hesabu ya dunia kauli yake si sahihi. Sukari inapozidi katika damu miaka na miaka, kwa kuwa kongosho halitoi insulini ya kutosha au mwili hauitii tena, mishipa midogo ya macho na ya figo huharibika, na miguu hupoteza hisia. Wa kumshika mkono asiyeona ni mwanawe. Wa kumpeleka kusafishwa damu mara tatu kwa wiki ni mkewe. Madhara hugawanywa kabla ya mirathi.

Insafu yataka niseme kuwa sukari ya kikombeni siyo sababu peke yake. Nasaba, unene na kukaa kitako vina sehemu yao, na wali mweupe nao hugeuka glukosi mwilini. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa sukari inayotiwa katika vyakula, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isifikie asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku. Na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, yaani yapata gramu 25, vijiko sita vya chai. Kopo moja la kawaida la Coca-Cola huko Marekani lina gramu 39.

Mji wa Shively ulisajiliwa mwaka 1938, na ulijulikana kwa viwanda vyake vya wiski. Jamaa zetu hupita mbele ya majengo yale wakimshukuru Mungu kwa kuwaepusha, kisha huketi mezani na chupa ya soda ya lita mbili. Sisemi kuwa hukumu ya mawili haya ni moja. Ulevi ni haramu kwa dhati yake, na sukari ni halali. Lakini halali nayo ina mpaka, na aya ya 31 ya Suratul A'araf imeruhusu kula na kunywa na kukataza israfu mahali pamoja. Wala tusidhani kuwa hili ni balaa la Marekani tu: Saudi Arabia na Imarati ziliweka kodi ya asilimia 50 juu ya soda mwaka 2017, na Oman ikafuata mwaka 2019.

Jawabu nililompa mwenyeji ni kwamba hana dhamana, bali ana deni la kumtaka radhi mgeni, nami ni mshirika wake katika deni hilo. Tulikwenda wawili. Ijumaa iliyofuata mgeni alikuja, akawekewa kahawa chungu na tende moja, wala hakuna aliyesema "ongeza". Alipouliza halua iko wapi, mwenyeji alinitazama mimi. Nikamwambia: "Ipo, lakini sipendi uile." Akanyamaza kitambo, kisha akanyoosha kikombe atiliwe kahawa.