Deni la Boma

Kijana mmoja wa kipaimara aliniuliza kwa nini Boma la Wajerumani pale Arusha halikubomolewa baada ya uhuru, ikiwa kweli lilijengwa kwa jasho la babu zetu. Mimi ni mzee wa kanisa, Mmeru, na swali hilo limeninyima usingizi.

Oktoba 1896, morani wa Meru na Arusha waliwaua wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig ya Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, pale Akeri. Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani akatoka Moshi na askari wake pamoja na wapiganaji wa Kichaga. Nyumba zikachomwa, migomba ikafyekwa, ng'ombe wakaswagwa. Kufikia 1900 Boma lilikuwa limesimama, kwa kazi ya shuruti. Tangu 1987 ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Ovir na Segebrock tunawajua kwa majina, na kanisani tunawaita mashahidi wa imani. Waliobeba mawe ya Boma hakuna awatajaye.

Wenzangu husema tumeshasamehe, yaliyopita si ndwele. Mimi hapo ndipo nasita. Kusamehe ni haki ya aliyekosewa. Mimi sikubebeshwa jiwe wala sikuporwa ng'ombe. Naweza kukataa kisasi. Mgeni wa Leipzig akija, nashiriki naye meza ya Bwana, kisha namkaribisha nyumbani kwa machalari. Lakini deni analodaiwa mtu na babu yangu, mimi nitalifutaje? Naye mgeni wangu atatubuje kiboko ambacho hakukishika?

Na haki hiyo inakata kuwili. Leipzig ya leo nayo haina mamlaka ya kutusamehe mikuki ya Akeri. Wenye mamlaka hayo ni Ovir na Segebrock wenyewe.

Kwa hiyo nilimjibu kijana: ukuta hauna dhambi, na anayeubomoa hamwadhibu mtu, anapoteza ushahidi wa kesi isiyo yake. Nenda na wenzako makumbusho, mkaanzie chumba kinachoeleza utawala wa Wajerumani, chumba cha wadudu mtakiona baadaye. Kila Jumapili tunakiri ufufuo wa wafu. Kama tunamaanisha tunachokiri, basi waliobeba mawe na waliochomwa mikuki bado wana neno la kusemezana, na sisi hatukutumwa kulisema kwa niaba yao.